Asidi ya korosho na magadi ya mama

Msimu wa korosho ukikolea hapa Mtwara, duka langu la dawa hupokea mikono ya wabanguaji. Juzi mama mmoja aliweka wake juu ya kaunta: ncha za vidole nyeusi ti, ngozi imebabuka kati ya gumba na kidole cha shahada.

"Mwanangu, nimepaka magadi, wapi!"

"Kwa nini magadi, mama?"

"Binti kasema ni asidi. Asidi si inauawa na magadi?"

Binti darasani alisikia vizuri. Mafuta ya ganda la korosho kwa sehemu kubwa ni asidi ya anakadi. Lakini mkemia akisema asidi, hasemi kuunguza. Anasema kitu kinachoachia hidrojeni yake, na hata ndimu imo humo. Hii ya korosho ni dhaifu. Kichwa cha molekuli yake ni asidi ya salisili, ile inayotengenezewa aspirini. Balaa liko kwenye mkia: kaboni 15 zilizofuatana, zinazopenda mafuta, hivyo huzama ngozini mahali ambapo maji matupu hayafiki. Pamoja nayo kuna kemikali nyingine, kadoli, yenye mkia kama huo na hodari wa malengelenge. Wabanguaji wazoefu hujipaka mafuta ya kula kabla ya kushika kazi, na kikemia wako sahihi kabisa: mkia huo unaopenda mafuta hunaswa humo kabla ya kufika ngozini.

(Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kadoli ni dawa ya moyo. Simcheki. Kardia, moyo kwa Kigiriki, imo kweli ndani ya Anacardium, jina ambalo mtaalamu wa mimea Linnaeus aliupa mkorosho mwaka 1753 na ambalo kadoli imelirithi, ila linasemea umbo kama la moyo, si tiba.)

Kwa mtu wa mimea, bibo ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda ni ile korosho yenyewe na ganda lake, na mafuta yamekaa katika tabaka la kati la ganda, mesokapi. Sasa chukua embe, ndugu wa ukoo mmoja na mkorosho: mesokapi yake ndiyo nyama tamu tunayokula! Undugu hujitokeza pale utomvu wa embe unapokubabua mdomo.

Mama nilimwelekeza zahanati, maana kidole kimoja kilishatunga usaha. Magadi nilimwambia ayarudishe kwenye kisamvu. Juu ya ngozi iliyochubuka yanaongeza moto.

"Basi binti kanidanganya?"

"Hapana mama. Jina ndilo limewadanganya wote wawili."