Mashine ya presha nyumbani: pima hivi, namba iaminike

Presha hutambuliwa kwa namba, na namba huharibika kirahisi mno. Mtu katoka Mbagala kasimama kwenye daladala njia nzima, kapanda ngazi za zahanati, hata jasho halijakauka mkanda umeshafungwa. Inasoma 158/94. Huenda ana presha kweli, huenda hana. Kwa kipimo hicho kimoja siwezi kusema. Ndiyo maana mgonjwa asiye na dalili za hatari namwomba apime nyumbani kwa wiki moja kabla sijamwandikia dawa za kumeza kila siku.

Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi mkono usipokaa sawasawa na moyo. Kinachosahaulika zaidi ni ukubwa wa mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida huwa wa sentimita 22 hadi 32. Vipimo vyake vimeandikwa juu yake, visome kabla ya kulipa. Mwenye mkono wa sentimita 36 akijibana kwenye mkanda huo, mashine itampandishia namba, na kadiri mkono unavyozidi kuwa mnene ndivyo kosa linavyokua. Wako wanaongezewa dozi kwa kosa la mkanda tu, kisha wanapata kizunguzungu kila wakiinuka.

Funga kwenye ngozi tupu. Mkono wa shati ukikunjwa hadi juu ukabana, vua kabisa. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mpira wa hewa ukishuka upande wa ndani, na vidole viwili vipite chini yake.

Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda chooni, maana mkojo uliojaa hupandisha presha. Kisha kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, utulie dakika 5. Mkono uweke mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukining'inia pembeni, namba ya juu, ile inayotangulia, hupanda kwa pointi kadhaa. Usiongee, simu iweke mbali. Kuongea tu kunatosha kuharibu kipimo.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha uendelee na ule wenye namba kubwa. Pima asubuhi kabla ya dawa na chakula, na tena jioni, kila mara vipimo viwili vilivyopishana dakika moja. Fanya hivyo siku 7. Andika vyote daftarini, hata usivyovipenda. Mimi hutupa vya siku ya kwanza na kutafuta wastani wa vilivyobaki: ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni presha. Kliniki kikomo ni 140/90, kwa kuwa wengi hupanda kidogo wakimwona daktari.

Mjamzito hasubiri wiki. Akifikia 140/90 aende hospitali siku hiyohiyo. Yeyote akisoma 180/120 au zaidi na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, haoni vizuri, au upande mmoja wa mwili umelegea, aende sasa hivi. Kama hana dalili yoyote, atulie apime tena. Ikibaki hapo, amwone daktari siku hiyo.

Kuna jambo naliuliza kila mara: dawa za maumivu. Diklofenaki ya duka la dawa, inayomezwa kwa magoti au mgongo, hupandisha presha na kuzishinda nguvu baadhi ya dawa zake. Mzee anayeimeza kila siku anaweza kuongezewa vidonge vya presha ilhali cha kuondoa ni kile kimoja. Na amlodipini, moja ya dawa za presha, ikikuvimbisha vifundo vya miguu, usiiache kimyakimya, njoo tubadilishe.

Ukija, beba daftari, pakiti za dawa zote unazomeza pamoja na za kienyeji, na mashine yenyewe. Tutaipima sambamba na ya kliniki kwenye mkono wako.