Dereva Hajakuona: Pikipiki Kati ya Mabasi na Malori Kwenye Barabara Kuu

Simama kidogo pale Chalinze, barabara inapogawanyika kwenda Morogoro na kwenda Segera. Mabasi ya mikoani yanapishana na malori ya Zambia na Kongo, daladala zinachomoka kituoni, na katikati yake inapita bodaboda yenye abiria nyuma na kiroba cha mahindi juu ya tangi. Wote wana haki ya kuwapo barabarani. Lakini wenzake wamezungukwa na chuma, na yeye amezungukwa na shati tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kiasi cha asilimia 21 kati yao walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu.

Katika mafunzo ya usalama barabarani, malalamiko ya waendesha pikipiki huwa yale yale: basi limenibana, lori limenichomekea, mwenye gari dogo alikuwa anachati. Ni malalamiko ya kweli, wala sitaki kuyapuuza. Ila kosa la dereva huadhibiwa kwenye mwili wa mwendesha pikipiki, kwa hiyo ninaanza na jambo moja kabla ya mengine yote: endesha ukijua kwamba dereva hajakuona, na kila wakati uwe na mahali pa kukimbilia.

Kwa nini macho yake yanakukosa

Utafiti uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 1981 ulichambua kwa kina ajali 900 za pikipiki. Katika zile zilizohusisha pikipiki na gari, theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki. Baadaye utafiti mwingine wa ajali 921 katika nchi tano za Ulaya ulikuta kwamba katika nusu ya ajali kosa kuu lilikuwa la dereva wa chombo kingine, na zaidi ya asilimia 70 ya makosa hayo yalikuwa ya kutoiona pikipiki. Barabara zao si kama zetu za Tanzania, lakini macho ya binadamu ni yale yale.

Dereva anayetaka kuingia barabara kuu hutupa jicho kulia, kushoto, kisha anaingia. Macho yakihama upesi namna hiyo huruka vilivyo katikati. Kichwani anatafuta gari, kwa hiyo hushika vitu vikubwa. Pikipiki inayokuja moja kwa moja upande wake ni kitu chembamba ambacho hakionekani kukua mpaka kimeshafika. Hata akiiona, udogo wake humdanganya: hudhani iko mbali na inakuja taratibu kuliko ilivyo. Ongeza na nguzo inayoshika kioo cha mbele, ambayo inaweza kuficha pikipiki nzima pamoja na abiria wake. Ndiyo maana baada ya ajali dereva hushuka akiapa kwamba hakuona kitu. Mara nyingi anasema kweli.

Basi msaidie akuone. Washa taa ya mbele hata saa sita mchana. Reflekta wengi wanavaa, lakini angalia vizuri: abiria akishapanda, mgongo wako wote umefunikwa. Anayekuja nyuma anaona nguo ya abiria, na usiku haoni chochote. Stika za kuakisi mwanga nyuma ya kofia ngumu zote mbili, kwenye kerieri na kwenye madigadi hubaki zinaonekana hata ukibeba mzigo.

Ukikaribia njia panda au kituo cha mafuta na kuna gari linasubiri kuingia, tazama gurudumu lake la mbele. Dereva anaweza kukuangalia machoni na bado akaingia. Gurudumu likianza kuzunguka, huo ndio uamuzi wake. Punguza mafuta mapema, weka vidole kwenye breki, na usogee kidogo upande mmoja ndani ya saiti yako. Kule kusogea kunakutenganisha na vitu vilivyo nyuma yako, na jicho la dereva hukamata kinachohama kwenda pembeni kwa urahisi zaidi.

Ukingo wa lami

Wengi wameambiwa na wakubwa wao: kaa pembeni kabisa, utembee juu ya mstari mweupe. Nafahamu nia ya ushauri huo, lakini siukubali. Ukiwa pale, dereva wa nyuma anaona njia yote imeachwa wazi, anakupita bila kuhama saiti, na kioo chake kinapita karibu na kiwiko chako. Upande wa pili una mchanga, chupa zilizovunjika, na mara nyingi ngazi ya lami iliyokatika. Huna pa kukimbilia. Kaa kama mita moja au moja na nusu kutoka ukingoni. Hapo anayetaka kukupita analazimika kupanga jinsi ya kukupita, na wewe una nafasi ya kuhamia kushoto ukibanwa.

Hilo haliwezekani bila saitimira. Pikipiki nyingi nazikuta zimeng'olewa vioo, au vimegeuzwa ndani ili zipenye kwenye foleni mjini. Kwenye barabara kuu hatari ya nyuma huja kwa kasi, na bila kioo utaisikia honi ikiwa mgongoni tayari. Ukiona basi linakuja kwa kasi, amua mapema: kama bega la barabara lina lami, ingia pale taratibu kabla halijakufikia, uliache lipite. Litakapokuwa ubavuni, tegemea upepo wake. Pua ya basi hukusukuma nje, kisha mkia ukipita hewa inakuvuta ndani, kuelekea kwenye magari yanayofuata. Shika usukani imara bila kukakamaa, bana tangi kwa magoti, usiguse breki.

Yupo pia anayekuganda nyuma, anapiga honi na kuwasha fulu. Kuongeza mwendo hakusaidii. Pikipiki ya cc 125 au 150 yenye watu wawili ikifika kilomita 90 kwa saa haina nguvu iliyobaki ya kukutoa kwenye matatizo. Kufunga breki ghafla kumtisha ni hatari zaidi. Refusha nafasi iliyo mbele yako ili usilazimike kusimama ghafla, gusa breki kidogo taa ya nyuma imulike, na ukipata pa kutokea, mpishe. Utapoteza nusu dakika.

Lori na indiketa yake

Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Eneo asiloliona ni kubwa nyuma ya tela, chini kabisa mbele ya kichwa cha lori, na upande ulio mbali na usukani. Kwa magari yetu upande huo ni kushoto, na ndiyo sababu kupenya kushoto mwa lori ni hatari sana, hasa karibu na njia panda. Lakini barabara hizi zina malori ya kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, nchi zinazoendesha kulia, na mengi usukani wake uko kushoto. Hapo mambo yanageuka: upande wa kulia, unakopitia kulipita, ndio asiouona vizuri. Soma namba ya gari kabla hujaamua.

Kulipita lori kunahitaji nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lori lenye tela likienda 60 nawe 80, utatumia kama sekunde 11 kulimaliza na kurudi salama mbele yake. Kwa muda huo utatembea karibu mita 240, na gari linalokuja kwa 80 nalo litatembea mita 240. Unahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi machoni pako. Kwenye milima kama Kitonga au Sekenke hupati nusu kilomita, subiri.

Madereva wa malori wana desturi yao: indiketa ya kulia inakuambia usipite, kuna kitu mbele; ya kushoto inakuambia pita. Ni wema, na wengi wanaufanya kwa moyo safi. Lakini indiketa ya kulia inaweza kuwa anakata kulia kweli, na ya kushoto anaingia kituoni. Tena yeye anapima nafasi kwa jicho la mtu aliyekaa juu, bila kujua pikipiki yako inavuta kiasi gani. Ichukue kama taarifa. Uamuzi ubaki wako.

Kukata kulia

Hapa ndipo ningependa kila mwendesha bodaboda wa vijiji vya kandokando ya barabara kuu anisikilize. Unatoka Mlandizi, njia ya kijijini kwenu iko kulia. Unawasha indiketa, unahamia katikati, unapunguza mwendo, unasubiri magari ya mbele yapite. Kisheria uko sahihi. Lakini nyuma yako kuna basi linalolipita lori, na dereva wake ana mawazo ya kupita tu. Indiketa yako ndogo ameichukulia kama ile desturi ya malori, au hajaiona kabisa. Unapokata, anakukuta ubavuni.

Kwenye barabara kuu ya njia mbili yenye magari ya kasi, kata kwa awamu. Washa indiketa ya kushoto, toka kwenye lami, simama kwenye bega la barabara ukiwa umepita kidogo mahali pa kuingilia. Zungusha pikipiki ielekee ng'ambo, ili uone pande zote mbili bila kugeuza shingo nyuma. Pakiwa peupe kabisa, vuka kwa mkupuo mmoja. Abiria atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwache alalamike, na ukiwa na subira mweleze sababu, maana kesho atamwambia dereva mwingine afanye hivyo hivyo.

Basi limekuja kwenye saiti yako

Wewe unaenda 70, basi linalopita wenzake linakuja 80. Mita 300 zilizo kati yenu zinaisha kwa sekunde saba. Usihesabu kwamba litarudi, wala usipoteze sekunde kwa kumulika taa na kulaani. Achia mafuta mara moja, funga breki zote mbili pikipiki ikiwa imenyooka, elekea kushoto. Wengi wanaogopa breki ya mbele kwa sababu imewahi kumwangusha jirani, lakini kwenye lami kavu ndiyo yenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha. Ibane kwa kuongeza taratibu, usiinyakue. Kutoka 80, ukijumlisha na muda wa kushtuka, unahitaji kama mita 75 kusimama. Kutoka 50, nusu yake.

Ukilazimika kushuka kwenye lami, maliza kazi ya breki ya mbele ukiwa bado juu. Kwenye mchanga na kokoto iachie, tumia ya nyuma kwa upole, macho yaangalie unakotaka kwenda. Kisha linakuja kosa linaloua watu ambao basi limeshawakosa: kutaka kurudi juu palepale kwa mwendo. Tairi la mbele linakwenda sambamba na ngazi ya lami, linashindwa kuipanda, linasugua ukingo, na pikipiki inakutupa katikati ya barabara. Punguza mpaka karibu kusimama, tafuta pasipo na ngazi, angalia nyuma, panda ukiwa umeikata ngazi kwa pembe.

Usiku ongeza tahadhari moja. Ukiona matawi ya miti yametandazwa barabarani, kuna lori limeharibika mbele, pengine halina hata taa. Matawi yakiwa upande wako, punguza hapo hapo. Yakiwa upande wa pili, jua kwamba gari linalotoka huko litahamia kwako ghafla kulikwepa lori hilo.

Kwenu wenye magari

Kuangalia simu kwa sekunde tano ukiwa kwenye 80 ni kutembea mita 111 bila kuona. Kabla hujaingia barabarani, angalia mara ya pili na usogeze kichwa uone nyuma ya nguzo ya kioo. Unapoipita pikipiki, hama saiti kama unavyolipita gari. Mwenye basi au lori la zaidi ya tani tatu na nusu, sheria yetu inakuwekea kikomo cha 80 nje ya makazi na 50 ndani yake.

Ukishakoswakoswa

Usimfukuze. Kuvunja kioo cha gari kwenye foleni ya mzani hakumfundishi chochote, na utarudi barabarani mikono ikitetemeka. Toka pembeni, shuka, vua kofia upumue. Kisha andika namba ya gari, mahali na saa. Kwa basi la masafa marefu taarifa hizo tatu zina uzito, kwa kuwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo unaoonyesha lilikuwa wapi na lilikuwa na kasi gani.

Na ikitokea ajali, ninawaomba wenzangu wa bodaboda msilizingire gari. Najua uchungu wa kumwona mwenzenu chini. Lakini dereva anayeogopa kupigwa hukimbia, na akikimbia majeruhi anakosa gari la kumfikisha hospitali na bima ya kumlipa. Mmoja apige 112, wawili wazuie magari mita mia moja kila upande, mwingine akae na majeruhi bila kumvua kofia kama anapumua vizuri. Namba ya gari na stika ya bima zipigwe picha. Fomu ya PF3, ile ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe polisi na nakala yake ihifadhiwe na familia, kwa sababu madai ya fidia yataihitaji miezi kadhaa baadaye.