Nusutropiki ni wapi? Jibu kutoka visiwa vya Scilly

Walimu wa jiografia na watu wenye ndugu Ulaya hutuuliza swali hili mara kwa mara: kweli Uingereza kuna sehemu ya nusutropiki, yaani yenye hali ya hewa inayokaribia ile ya tropiki? Mtu ametumiwa picha ya bustani yenye mitende, mishubiri na maua ya Afrika Kusini, kisha anaambiwa picha imepigwa Uingereza. Anadhani anadanganywa.

Picha ni ya kweli. Bustani hiyo iko Tresco, kimojawapo cha visiwa vya Scilly, kama kilomita 45 kusini-magharibi mwa ncha ya Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza. Aliyeianzisha ni Augustus Smith, mwaka 1834, kando ya magofu ya nyumba ya watawa. Visiwa hivyo viko karibu kabisa na latitudo ya 50 kaskazini. Fuata mstari huo huo uvuke Atlantiki na uingie ndani ya Kanada, utafika Winnipeg, ambako wastani wa Januari ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri. Scilly, mwezi huo huo, ni kama nyuzi 8 juu ya sifuri. (Nyuzi zote hapa ni za Sentigredi.) Jua linalowaangazia ni lile lile, lakini joto limepishana kwa nyuzi 24.

Kinachowatofautisha ni bahari na upepo. Acha sufuria ya maji juani mchana kutwa, kisha uiguse saa mbili usiku. Maji bado yana uvuguvugu, ilhali bati la paa lilishapoa zamani. Bahari nayo ndivyo ilivyo: huchelewa kupata joto, na ikishalipata huchelewa kulitoa. Scilly vimezungukwa na maji hayo, na upepo wa huko huvuma zaidi kutoka magharibi, ukipita juu ya bahari ambayo mikondo imeiletea joto kutoka kusini. Winnipeg iko katikati ya bara, na upepo wake wa majira ya baridi hupita juu ya ardhi iliyoganda.

Lakini je, hiyo ndiyo nusutropiki? Hapo ndipo watu wanapopotezana, kwa sababu neno ni moja na vipimo ni vingi.

Kipimo cha kwanza ni cha ramani: nusutropiki ni ukanda unaoanzia Tropiki ya Kansa au ya Kaprikoni, yaani latitudo ya 23 na nusu, hadi kwenye 35 au 40. Kwa kipimo hiki Scilly viko mbali mno. Kipimo cha pili ni cha Wladimir Köppen, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aligawa hali ya hewa kwa herufi kwa kuangalia mimea inaota wapi. Kwake, mahali ambapo mwezi wa baridi kuliko yote haufiki nyuzi 18 pametoka katika tropiki. Katika kundi lake la C, yaani la hali ya hewa isiyo ya joto kali wala baridi kali, panapoitwa nusutropiki yenye unyevu lazima mwezi wa joto kuliko yote ufike nyuzi 22 au zaidi. Durban inaingia. Scilly, ambavyo Agosti yake ni kama nyuzi 17, vinabaki nje.

Kipimo cha tatu ni cha Glenn Trewartha, mwanajiografia wa Marekani. Yeye alihesabu miezi. Nyuzi 10 ni kama mlango wa ukuaji wa mimea mingi, kwa hiyo mahali penye miezi minane au zaidi yenye wastani wa nyuzi 10 kwenda juu, lakini penye angalau mwezi mmoja ulio chini ya 18, aliita nusutropiki. Kwa kipimo hiki Nairobi, iliyo karibu nyuzi moja tu ya latitudo kusini mwa Ikweta, ni nusutropiki: miezi yote 12 imevuka 10, lakini Julai haifiki 18. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kuamka alfajiri ya Julai akatafuta sweta hatashangaa.

Na Scilly? Kuanzia Mei hadi Novemba ni miezi saba. Aprili iko mlangoni kabisa, imezikosa nyuzi 10 kidogo tu au imezigusa, kutegemea umechukua wastani wa miaka ipi. Jina zima la nusutropiki kwa visiwa hivyo linaning'inia kwenye mwezi mmoja.

Mimi nakipenda kipimo cha Trewartha, kwa sababu mkulima anahitaji kujua shamba lake linafanya kazi miezi mingapi. Hata hivyo, naomba asikitegemee peke yake. Baridi isiyouma haina maana kwamba kiangazi kina joto. Mtende wa tende, huu wa Oman na Basra, hautakuivishia tende Scilly, kwa kuwa tende hutaka miezi mirefu ya jua kali. Kinachostawi huko ni kinachotaka upole: maua ya narsisi, ambayo wakulima wa visiwani huyakata katikati ya majira ya baridi na kuyapeleka bara yakiwa bado adimu. Vishamba vyao vidogo vimezungushiwa ua mrefu wa miti ili kuzuia upepo wa chumvi.

Wastani pia hausemi lolote kuhusu usiku mmoja mbaya. Januari 1987 theluji na baridi kali viliingia Scilly, joto likashuka hadi kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya mimea ya Tresco ikafa. Miaka mitatu baadaye, Januari 1990, dhoruba iliangusha miti mingi ya kukinga upepo. Bustani ilipandwa upya. Wastani wa Januari wa miaka 30 haukusogea hata kiasi cha kuonekana kwenye chati.

Kwa hiyo ukisikia mahali pameitwa nusutropiki, uliza mambo matatu: kwa kipimo cha nani, mwezi wa joto kuliko yote unafika nyuzi ngapi, na usiku wa baridi kuliko yote uliowahi kurekodiwa ulishuka hadi wapi. Jibu la swali la mwisho ndilo nisingependa mtu alikose kabla hajanunua miche.