Kufuma kwenye panda ya mti: yanayosemwa na ukweli wake

Ukimwonyesha mtu kazi ya kufuma kwenye panda, yani lile tawi la Y kama la manati ila kubwa, unatanda uzi kati ya pembe mbili halafu unapitisha mabaki ya nyuzi za rangi, jibu linakuja haraka: "haya mambo ya Wazungu wa Pinterest", ule mtandao wa picha. Hapana jamani. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vimechimbuliwa Kilwa, na kuhusu mabaki ndo kabisa, Mreno mmoja Duarte Barbosa aliandika karibu mwaka 1516 kwamba Waislamu wa Sofala, Msumbiji ya leo, walikuwa wanafuma pamba yao nyeupe lakini rangi hawana, basi wanachukua vitambaa vya rangi vilivyoletwa kutoka Cambay huko India, wanavifumua, halafu ule uzi wanaufuma upya pamoja na mweupe wao. Miaka mia tano iliyopita hiyo, na mimi kila nikifumua sweta kuukuu nawakumbuka wale watu.

La pili, "tawi lolote linafaa". Hili ndo linaharibu kazi za wengi. Tawi bichi likikauka linasinyaa, uzi uliokuwa umekaza unalegea na kazi yote inabonyea katikati, halafu chini ya gome wanakaa wadudu wanaotoboa mti, baada ya muda unakuta unga unga sakafuni. Menya gome, weka kivulini wiki kadhaa, sio juani maana litapasuka. Mpera ni mzuri sana, mgumu na panda zake ndo zile zile watoto wanatengenezea manati. Mnyaa usiuguse, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kweli. Walioko pwani, kijiti kilichotupwa na bahari kiokoteni ila mkiloweke maji baridi na kubadilisha maji mara kadhaa, chumvi ikibaki inavuta unyevu, na mikoko iliyo hai muiache.

"Uzi ni uzi." Sio kweli. Nyuzi za mtande, zile za kusimama, zinataka uzi usiovutika, pamba iliyosokotwa vizuri au kamba nyembamba ya katani, uzi wa sweta hapo utakusumbua kwa sababu unavutika kisha unarudi. Mabaki yako yote weka kwenye mshindio, unaopita kulia na kushoto. Hujui uzi wako ni wa nini? Shika kipande kidogo kwa koleo juu ya sinki na ukiwashe: pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, sufu inanuka kama nywele zilizoungua, akriliki inayeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi.

Halafu kuna hili la "vuta ikaze ndo ipendeze", na hapa nasisitiza kabisa, ukivuta uzi kila mstari pembeni panaingia ndani kidogo kidogo, unaanza na upana wa kiganja unamaliza na kitu chembamba kama tai ya shingoni. Uzi uupitishe umelala kama kilima, upinde juu katikati, kisha ushindilie chini kwa uma wa kulia chakula kuanzia pembeni kuja kati, ule urefu wa ziada ndo unaozunguka nyuzi za mtande bila kuzibana.

Kitanda cha mfumi, yani fremu ya kufumia, cha kununua huhitaji, hilo sina maneno mengi.

Na wanaosema "mabaki ni bure kwa hiyo bei iwe ya bure" hawajahesabu masaa ya kukaa, wala kule kuficha kila ncha kwa sindano nene, na kwenye kazi ya mabaki ncha ni nyingi mno kwa sababu uzi unakatika kila baada ya mistari michache. Mteja akilalamika bei mgeuzie kazi upande wa nyuma apapase mwenyewe.