Kamera ya joto huona ngozi, haioni qi

Picha za kamera ya joto hutoka na rangi za kuvutia: kifua chekundu, tumbo la manjano, vidole vya bluu. Wagonjwa wengi wakioneshwa huamini papo hapo kwamba penye wekundu ndipo penye ugonjwa. Rangi hizo lakini hupangwa na programu ya kompyuta. Mpigaji akibadili kipimo, vidole vile vile vya bluu hugeuka kijani. Soma nyuzi joto, achana na rangi.

Kamera yenyewe haitoi mionzi, hupokea tu ile ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, inayotoka mwilini, aina ya mionzi aliyoigundua William Herschel mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni mwa ukingo mwekundu wa mwanga wa jua uliotenganishwa rangi zake. Kwa hiyo haina madhara, hata kwa mjamzito. Ila inachopima ni joto la juu ya ngozi, ambalo kwa sehemu kubwa hutegemea damu inayopita chini yake: mishipa midogo ikitanuka ngozi hupata joto, ikisinyaa hupoa.

Tiba ya Asia Mashariki nayo imezungumzia joto na baridi kwa karne nyingi. Tabibu hutazama ulimi, hushika mapigo kwenye kifundo cha mkono, huuliza kuhusu kiu na kama mgonjwa hupenda kinywaji cha moto au cha baridi. Kamera ikampa namba. Katika hospitali za tiba ya jadi za Korea Kusini hutumika kwa watu wanaolalamikia mikono na miguu baridi: joto la kiganja hulinganishwa na la mkono wa juu, la mguu na la paja, kisha picha hurudiwa baada ya matibabu ya akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba, kuona kama pengo limepungua. Matumizi hayo nayaunga mkono. Mgonjwa analalamikia baridi ya ngozi, na kinachopimwa ni ngozi.

Tatizo huanza picha inapogeuzwa kuwa ushahidi wa “joto la ini” au “baridi ya figo”, majina ambayo tiba hii huyapa matatizo ya ndani ya mwili. Hata waasisi wa tiba hii wasingekubali. Zhang Zhongjing, tabibu wa Uchina wa mwishoni mwa enzi ya Han, miaka ipatayo 1,800 iliyopita, alieleza habari za mgonjwa ambaye mwili unamwaka lakini bado anataka kujifunika nguo. Huyo, alisema, ana joto kwenye ngozi na baridi ndani ya uboho. Kamera ingemwandika kuwa ni wa joto, basi.

Vivyo hivyo kwa picha zinazodaiwa kuonesha njia za qi, nguvu ya uhai ambayo tiba hii husema hupita mwilini. Mistari ya joto mkononi mara nyingi ni mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Na ngozi ikipata joto kuzunguka sindano, neva zilizochokozwa zimetanua mishipa jirani. Jambo la kweli, lakini halithibitishi zaidi ya hapo.

Picha nzuri hudai subira. Chumba kiwe na joto tulivu bila upepo, mgonjwa akae kama dakika 15 sehemu inayopigwa ikiwa wazi, na kabla ya hapo asivute sigara, asinywe kahawa, asipake mafuta, asifanye mazoezi. Ipigwe kabla ya sindano za siku hiyo, si mara tu baada yake. Aliyeingia sasa hivi kutoka juani hana picha ya kusomwa.

Kuhusu titi sina utani. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba picha ya joto haichukui nafasi ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Ukiambiwa picha yako ni safi hivyo usipime saratani, tafuta ushauri kwingine. Na mguu mmoja ukipoa ghafla, ukauma na kupauka, usisubiri kamera wala sindano. Huenda mshipa wa damu umeziba: nenda hospitali saa hiyo hiyo.