Ndivyo alivyo, au ndivyo anavyoumwa?

Hapa Tanga hakuna neno ninaloambiwa na ndugu wa wagonjwa kama hili: "Daktari, huyu ndivyo alivyo."

Juzi kanambia mama mmoja wa Ngamiani (mambo kadhaa nimeyabadilisha, asitafutwe mtu). Kijana wake ana miezi miwili yumo ndani, haongei, bodaboda imelala uani. "Mvivu, tena mnuni. Kaumbwa hivyo."

"Mama, kabla ya Ramadhani alikuwaje?"

Akacheka. "Kabla ya Ramadhani? Baraza zima lilikuwa lake!"

Basi hiyo si hulka. Hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Fani yetu ya magonjwa ya akili hupima hulka kwa mafungu matano. Linaloandamana sana na sonona ni wepesi wa kutaharuki: moyo kuingiwa na hofu, huzuni au hasira kwa jambo dogo. Mpe mgonjwa dodoso siku hajiwezi, alama za fungu hilo zitapanda na za uchangamfu zitashuka. Mpe lile lile akishapata nafuu, utadhani kajibu mtu mwingine. Wazee husema tabia ni ngozi. Sawa, ila ngozi nayo huugua. Ndiyo maana wiki ya kwanza siandiki chochote cha hulka kwenye faili.

Lakini hulka nayo ina lake. Mwepesi wa kutaharuki, hata akiwa mzima, yu karibu zaidi na sonona kuliko mwenzake, na tafiti za mapacha zinaonesha kwamba viwili hivyo vina urithi wa pamoja kwa sehemu.

Kwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno kisha kuzama kwenye sonona, mambo ni mengine. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani, aliandika zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba baadhi ya ndugu wa wagonjwa hawa huishi na hulka ya kupanda na kushuka bila kuugua kabisa. Kwa hiyo swali langu la pili huwa hili.

"Aliwahi kukaa wiki nzima halali wala hachoki, anaongea kama chiriku, hela anazimwaga?"

Mama akatazama sakafu. "Mwaka jana. Alinunua mbuzi watano kwa mkopo. Tukasema Mungu kamfungulia."

Dawa ya sonona ikitumika peke yake kwa mtu wa namna hiyo yaweza kumrusha juu tena. Nilishaanza kuiandika. Nikaikata, nikasogeza kiti, nikamuuliza habari za baba wa kijana.