Fremu Ndogo ya Mbele: Maana ya Kuiimarisha kwa Kuchomelea

Fremu ndogo ya mbele ni kiunzi cha chuma kinachokaa chini ya pua ya gari, na ndicho kinachobeba injini, mikono ya magurudumu ya mbele, springi na boksi la usukani. Inaitwa ndogo kwa sababu haifiki nyuma ya gari kama chesisi ya lori au ya Land Cruiser. Huishia chini ya miguu ya dereva, na kuanzia hapo bodi yenyewe, yaani sakafu, nguzo na vizingiti vya milango, hubeba mzigo uliobaki. Kwenye magari madogo ya Kijapani yanayojaa barabara za Mwanza, mafundi wengi hukiita kifaa cha namna hii krosimemba, na fundi aliyewahi kushusha krosimemba ya Corolla tayari anaijua nusu ya habari hii.

Nusu ya pili inatoka Marekani. Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird, ambazo toleo lao la kwanza liliuzwa kama magari ya mwaka 1967 hadi 1969, zilijengwa kwa mtindo wa mseto: nyuma bodi inajibeba yenyewe, mbele kuna fremu ndogo iliyofungwa kwa boliti kupitia bushi za raba, boliti nne zikishika bodi na mbili zikishika kiunzi cha rejeta. Ford Mustang ya wakati huohuo haina fremu ya kufungua, kwa hiyo maelezo haya hayaihusu moja kwa moja. Magari hayo, ambayo Wamarekani huyaita ya misuli kwa sababu ya injini zake kubwa za silinda 8, yalipewa nguvu nyingi kuliko uimara: Camaro ya 1967 iliweza kununuliwa na injini ya lita 5.7 au hata 6.5. Ni nadra kuliona gari hilo kando ya Ziwa Victoria, lakini nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu fremu yake inafunguka yote, inalazwa mezani, na kila kosa la mchomeleaji linaonekana na kupimika.

Udhaifu wake uko kwenye mishono. Reli za fremu hiyo, yaani mihimili yake mirefu ya kushoto na kulia, ni mabati mazito yaliyokunjwa na kukutanishwa yawe kama bomba la pembe nne, na kiwanda kiliyaunganisha kwa vipande: sentimita kadhaa zimechomelewa, kisha pengo, kisha sentimita kadhaa tena. Kiwanda hakikukosea, kwani kilikuwa kinatengeneza magari kwa maelfu na muda wa kuchomelea ni gharama. Ili kuelewa pengo hilo lina uzito gani, chukua kipande cha bomba la PVC chenye urefu wa mita moja, ushike ncha zote mbili na ujaribu kukisokota kama mtu anayekamua nguo; kitakataa. Kisha kipasue kwa msumeno mstari mmoja tu kutoka ncha hadi ncha, na ujaribu tena: kitasokotwa kwa urahisi, kingo mbili za mpasuko zikiteleza kila moja upande wake. Bomba ambalo nusu kipenyo chake ni mara 10 ya unene wa ukuta wake hupoteza ugumu dhidi ya kusokotwa kwa takriban mara 300 linapopasuliwa hivyo, ingawa plastiki au chuma kilichoondolewa ni kidogo mno. Reli yenye mshono wa vipande iko katikati ya hali hizo mbili. Kwa hiyo maana ya kwanza ya kuimarisha ni kuziba mapengo ili kingo zisiteleze.

Na kusokotwa ndiko kunakotokea zaidi katika mji uliojengwa juu ya mawe. Gari linalopanda njia ya Isamilo au linalokatiza jiwe lililochomoza huko Mabatini halipandi kwa magurudumu yote kwa pamoja. Gurudumu moja la mbele linainuka, jingine linabaki chini, na injini yenye uzito wa kilo 250 hivi inavuta upande wa tatu. Matuta ya barabarani yanayovukwa kwa mshazari hufanya vivyo hivyo. Nyufa huanza palipo na nguvu iliyokusanyika sehemu moja: kuzunguka boksi la usukani, kwenye vishikio vya mikono ya chini, kwenye vikalio vya injini, na pale reli inapopinda. Ufa ukipatikana haufunikwi tu kwa mchomeleo wa juu. Hutobolewa tundu dogo kwenye ncha yake, la milimita 3 kwa mfano, ili usiendelee kukimbia, kisha husagwa kwa grainda hadi chuma safi kionekane ndani, ndipo hujazwa.

Maana ya pili ni kuongeza vibao vya chuma vya pembeni mahali penye nyufa za kawaida. Hapa mafundi wengi hukosea kwa nia njema. Kibao kinene kuliko chuma mama, yaani chuma cha reli yenyewe, chenye pembe kali na mchomeleo unaokatiza reli kutoka ukingo hadi ukingo, hakiondoi tatizo. Kinalihamisha sentimita 2 mbele, kwa kuwa chuma laini sasa kinakutana ghafla na chuma kigumu, na ufa mpya utazaliwa kwenye mstari huohuo. Kibao kizuri kina unene unaolingana na reli, pembe zake zimeviringishwa, na ncha zake zinapungua taratibu.

Jambo zito kuliko yote, na ambalo ningependa kila kijana anayejifunza kazi hii alielewe kabla ya kuwasha mashine, ni joto. Chuma cha kawaida hutanuka kwa takriban milimita 1.2 kwa kila mita moja kinapoongezewa nyuzi 100 za Selsiasi, na penye mchomeleo joto hukaribia nyuzi 1,500. Sehemu iliyowaka inataka kurefuka, lakini chuma baridi kilichoizunguka kinaibana, kwa hiyo inajisonga na kunenepa badala ya kurefuka. Inapopoa inasinyaa, ikiwa sasa fupi kuliko ilivyokuwa, na inavuta kila kitu upande wake. Reli iliyochomelewa upande wa juu kwa mkupuo mmoja hujikunja kama ndizi, ncha zikielekea juu. Niliwahi kuona pikapu moja Nyakato iliyotoka gereji na krosimemba iliyochomelewa vizuri kwa macho, mshono umelala kama magamba ya sato, lakini tairi zake za mbele zilikuwa zinaliwa upande wa ndani. Chuma kilikuwa na nguvu zaidi na umbo lilikuwa limepotea. Camaro ina vipande vya bati nyuma ya mkono wa juu vya kurekebishia mkao wa magurudumu, lakini marekebisho hayo yana kikomo, na hayakukusudiwa kusamehe fremu iliyopinda.

Kinga yake ni subira. Fremu hufungwa kwa boliti kwenye meza ya chuma iliyonyooka, hupimwa mshazari kwa mshazari, na vipimo huandikwa. Kisha huchomelewa kwa nukta za kushikiza pande zote, halafu vipande vya milimita 25 au 30, kimoja kushoto mbele, kingine kulia nyuma, bila kurudi karibu na kipande cha awali hadi kiweze kuguswa kwa mkono. Vipimo hurudiwa njiani, si mwishoni tu. Kazi ya saa mbili hugeuka kuwa ya siku mbili, na hiyo ndiyo gharama halisi ya kuimarisha.

Hali ya hewa ya ziwani nayo ina sauti. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mashine ya kuchomelea kwa waya inayotegemea gesi ya kukinga mchomeleo haivumilii upepo: gesi ikipeperushwa, mshono hujaa vitundu kama maandazi. Fundi anayefanyia kazi nje Kirumba afanye mapema asubuhi au aweke kizuizi. Anayetumia vijiti vya kuchomelea vya aina ya E7018, ambavyo ni imara kuliko E6013 vilivyozoeleka, akumbuke kwamba unyevu huviharibu, kwa sababu maji hutoa hidrojeni inayoingia ndani ya chuma na kukipasua baada ya kupoa. Pakiti ikishafunguliwa, vijiti hivyo hutunzwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 120 hadi 150, si juu ya rafu.

Wengine huendelea na hatua ya kuunganisha fremu ya mbele na reli za nyuma kwa mihimili inayopita chini ya sakafu. Ni hatua nzuri, ila bushi za raba zikiachwa mahali pake, mbele kutaendelea kucheza huku mihimili ikijaribu kukuzuia, na ni mihimili itakayochoka. Wanaofuata njia hiyo hubadilisha raba kwa bushi za alumini.

Mshono ukizibwa wote, maji yaliyoingia ndani hayana pa kutokea, kwa hiyo matundu ya chini ya kiwandani yabaki wazi, na ndani ya reli ipulizwe nta ya kuzuia kutu, maana rangi ya ndani iliungua wakati wa kuchomelea. Nje ipakwe kijivu chepesi badala ya nyeusi. Ufa mpya ukitokea, kutu itachora mstari mwembamba wa kahawia juu ya rangi hiyo, na fundi atauona akiwa amelala chini ya gari na tochi, kabla usukani haujaanza kuyumba.